Machila Haikupimwa

Vijana wangu wa chumba cha ramani,

Siku mliyonifanyia sherehe ya kuniaga mlinipa blanketi, chupa ya chai, na maneno mengi mazuri ambayo mengine nilijua si ya kweli, maana mimi mwenyewe niliyasema nilipokuwa nikiwaaga waliotangulia. Yote niliyapokea. Kisha mkafunua ile fremu. Kumbe mlikuwa mmechakura makabati ya zamani mkaitoa ramani yangu ya zahanati ya upande wa Wusi, ile niliyoichora kwa mkono, mkaitia kwenye kioo na kuitundika karibu na mlango, mahali ambapo kila mgeni ataiona kabla hata ya kusalimiwa. Mmoja wenu akasema, "Mzee, hii ndiyo level tunataka kufika." Nikatabasamu, nikapigiwa makofi, nikala keki. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Mliniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu havikunifundisha lolote la kuwafaa. Ninaandika kwa sababu ya ile fremu. Ramani ile inapendeza kuitazama, na ndiyo kazi ninayoionea aibu kuliko zote nilizowahi kufanya. Jina la zahanati sitalitaja. Watu wa huko wanaijua.

Niliingia ofisi ya Voi nikitoka chuo cha ufundi Mombasa, nimevaa shati jeupe. Lilibaki jeupe mpaka saa nne, maana vumbi la Voi halijali umesomea wapi. Mkuu wa chumba cha ramani alikuwa Mzee Athmani, mtu wa zile familia za Kiislamu za Voi zilizotoka pwani zamani, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na Kiswahili kilichonyooka. Sisi wa milimani tulikuwa tunasema "kiti yangu" na "mlango imefungwa," naye alikuwa akifumba macho kidogo kama mtu aliyekanyagwa kidole. Hakuturekebisha mbele za watu. Alingoja mpaka tubaki wawili.

Nyinyi mnafuta kosa kwa kidole kimoja. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na kosa lilikwanguliwa kwa wembe, taratibu, huku umeshikilia pumzi. Ukikwangua mara tatu mahali pamoja, karatasi inatoboka na unaanza upya. Kwa hiyo mtu alilazimika kufikiri kabla ya kuchora. Angalau ndivyo tulivyodhani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa benchi la kukalia sokoni. Nililichora kabla ya chai ya saa nne, nikampelekea Mzee Athmani nikitarajia kusifiwa. Aliitazama karatasi, akaiweka chini.

"Mwanangu, sokoni umekwenda?"

"Soko nalijua, mzee. Nimepita pale tangu nikiwa mdogo."

"Sikukuuliza kama unalijua. Nimekuuliza kama umekwenda."

Akanituma nikakae sokoni kutoka asubuhi mpaka alasiri, nirudi na maswali matatu ya kijinga. "Ya werevu usiniletee," alisema, "hayo ninayo mwenyewe." Kwake yeye, swali la kijinga lilikuwa lile unaloona haya kuliuliza kwa sababu unadhani kila mtu analijua jibu lake. Niliona haya kweli. Ilikaribia saa nane ndipo nilipojikaza nikamwuliza mama mmoja wa mboga kwa nini hakuna mtu anayekaa pale ukutani kwenye kivuli, mahali nilipokuwa nimelichora benchi langu.

"Wewe kijana, si uangalie," akaniambia. "Hiyo kivuli ilikuwa ya asubuhi. Saa hii hapo ni moto. Na nikienda kukaa huko, nani ataangalia mzigo yangu?"

Nikageuka kutazama, na kivuli kilikuwa kimehama. Benchi tukalijenga upande wa pili, lenye nafasi ya mizigo chini yake. Tangu siku hiyo kila daftari langu la kazi lilikuwa na ukurasa wenye kichwa hicho, Maswali ya Kijinga, na jina la mahali. Mmeniona nao. Mmenicheka nao pia, msidhani sikusikia.

Ukurasa ule uliniokoa mara nyingi. Tulipotakiwa kuchora ghala la ndizi Mboghoni, nilikaa siku mbili kando ya mfereji nikipima baiskeli. Mkulima mmoja aliita wenzake waje waone. "Serikali imetuma mtu kupima baiskeli," aliwaambia, nao wakaja wakaona. Lakini baiskeli yenye mikungu pande mbili ni pana kuliko unavyodhani ukiwa umekaa ofisini, na mlango wa ghala lile ulichorwa kwa kipimo chake. Mpaka leo zinaingia bila kushusha mzigo. Upande wa Ndara, mchungaji mmoja aliniambia nisiezeke josho la ng'ombe upande wa kuingilia, kwa sababu ng'ombe hakanyagi mahali anapoona giza mbele yake. Nilimwuliza amejuaje. Alinijibu kwamba amekuwa nyuma yao maisha yake yote akiwasukuma. Hilo nalo niliandika.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba sikukosa mafunzo. Nilijua la kufanya. Nilipima baiskeli za watu wa Mboghoni kwa milimita, kisha nikaenda kwetu nisipime kitu.

Mimi nimezaliwa Wusi. Kazi ya zahanati ilipokuja, baada ya miaka mingi kazini, nilifurahi, nikaomba nipewe mimi, na nikapewa. Katika daftari niliandika kichwa kama kawaida, Maswali ya Kijinga, Wusi. Chini yake sikuandika neno. Nani angenieleza mimi kuhusu Wusi? Ninalo daftari hilo hapa mezani. Ukurasa ule uko mtupu mpaka chini, na kila nikiufungua natamani kuufunga.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii sikuwahi kumwambia mtu ofisini. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, niko nyumbani kwa ruhusa ya siku chache, mama yangu aliteleza kwenye ukingo wa shamba akikata majani ya ng'ombe, akavunjika paja. Gari haliwezi kufika kwetu. Jirani yetu Mwakio, aliyekuwa amenizidi umri kidogo, ndiye aliyekuwa fundi wa machila: miti miwili mirefu ya mkaratusi, magunia yaliyoshonwa katikati, blanketi juu. Watu wanne wanabeba mabegani, wengine wanafuata kwa kupokezana. Mimi na Mwakio tulishika mbele. Tulimteremsha mama kwa njia za mlimani mpaka barabara kuu, naye hakulia hata mara moja, ila aliniuliza tu kama nimechoka.

Pale barabarani, tukingoja gari la kumpeleka hospitali, basi la chuo chetu likapita. Wenzangu walikuwa wakienda kucheza mpira Taveta. Dereva alipunguza mwendo, na mmoja akachungulia dirishani akanitambua. "Kumbe huko kwenu mnabebana kama mikungu ya ndizi?" Basi zima likacheka. Nami nikacheka. Nilicheka pamoja nao, mti wa machila ukiwa begani na mama yangu juu yake.

Mama alipona, akabaki akichechemea. Mwakio hakusema neno kuhusu kicheko kile. Mimi ndani ya moyo wangu niliamua kwamba machila ni kitu cha aibu, na kwamba nikipata nafasi nitakimaliza.

Sasa iangalieni ile fremu yenu. Chini kulia, karibu na sahihi yangu, kuna gari dogo la wagonjwa, limechorwa vizuri mpaka vioo. Barabara ya kulifikisha pale haikuwepo. Ilikuwa imeahidiwa. Niliichora zahanati kwa ajili ya gari ambalo halijafika, likimshusha mgonjwa kwenye kitanda cha magurudumu ambacho hakijanunuliwa.

Kiwanja kilikuwa mteremko mkali, kwa hiyo badala ya ngazi niliweka njia ya saruji inayopanda taratibu kando ya ukuta wa mbele. Ikifika juu inakata kona, inapita kati ya ukuta mwingine na nguzo, ndipo unapoukuta mlango wa chumba cha kuzalia. Kona ile ilizuia upepo na mvua, na ilizuia waliokaa kwenye benchi la kungojea wasione ndani. Nilijisifu sana kwa hilo la pili. Upana niliuchukua kwenye kitabu, kipimo cha kitanda cha magurudumu, nikaongeza kidogo kwa ukarimu.

Kabla ya ujenzi kulikuwa na baraza kwa chifu, nikaitwa nikaonyeshe ramani. Niliitundika ukutani, nikaeleza kwa Kiswahili na kwa Kidawida, lugha ya kwetu, watu wakaitikia kwa vichwa. Mwakio akainua mkono.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Hapo kwa hiyo kona. Machila itapita wapi?"

Lilikuwa swali la kijinga lililo bora kuliko yote niliyowahi kusikia, na lilikuja bila mimi kulitafuta. Masikioni nikasikia kicheko cha lile basi. Nikamjibu, "Kaka Mwakio, hii ni zahanati ya kisasa. Machila tutaipeleka makumbusho."

Baraza likacheka, na chifu akacheka mpaka akajifuta macho. Mwakio aliteremsha mkono polepole. "Sawa basi," akasema. "Nyinyi ndio mmesoma." Akakaa.

Zahanati ilijengwa, ikafunguliwa, wakubwa wakaja wakapigwa picha kwenye ile kona. Ramani yangu ikasifiwa mpaka makao makuu. Kisha, baada ya miezi kadhaa, barua ikafika ofisini ikisema wakazi wamebomoa ukuta wa zahanati. Nikatumwa mimi nikakague, kwa kuwa kazi ni yangu na huko ni kwetu.

Nilifika asubuhi ukungu haujainuka. Sista Wakesho, muuguzi aliyeisimamia zahanati ile peke yake, alinipeleka moja kwa moja kwenye kona bila hata kunikaribisha kiti. Ukuta wa nje haukuwepo. Mawe yake yalikuwa yamepangwa kando, moja juu ya jingine, na saruji imefagiwa.

"Ni Mwakio," akaniambia. "Alivunja pole pole, akapanga, akaomba ufagio kwangu akafagia. Nilimpa. Andika na hiyo, kwamba nilimpa ufagio."

Kisha akanieleza. Siku moja kabla ya ukuta kuvunjwa, asubuhi, manyunyu yakinyesha, walimleta Mkawasi, mke wa mwanawe Mwakio, uchungu ukiwa umemshika barabara. Walimleta kwa machila, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Walipanda vizuri mpaka kwenye kona, na hapo miti ikagonga ukuta. Wakajaribu kurudi nyuma, wakajaribu kuinua upande mmoja, na Mkawasi akaanza kuteleza. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto na benchi lilikuwa limejaa watu. Ikabidi wamshushe pale pale chini.

"Kitanda yangu ilikuwa tayari," Sista Wakesho akasema. "Hatua nne tu. Nikatoka na gloves zangu nikamzalisha hapo kwa simiti. Wanaume waligeuka mgongo wakashikilia blanketi. Mtoto ni mzima, mama ni mzima. Lakini huyo mama hajainua macho tangu hiyo siku."

Nilitazama kona. Haikuhitaji tepu wala hesabu. Mtu yeyote aliyewahi kubeba mti wa mbele wa machila angeona kwa jicho kwamba mtu wa mbele akikata kona, mwisho wa mti uko bado nyuma kabisa kwenye njia. Na mimi nilikuwa nimeubeba mti huo.

Fomu ya ukaguzi ilikuwa na sehemu ya kujaza chanzo cha uharibifu. Mnaijua, bado mnaitumia. Ningeweza kuandika kwamba ni kosa la ramani, maneno machache tu, na yangetosha. Nilikaa juu ya jiwe moja la Mwakio, fomu gotini, nikafikiria sifa nilizopata, na picha zilizopigwa, na mgeni aliyekuwa anatarajiwa kutoka makao makuu. Nikaandika: Uharibifu uliofanywa na mkazi. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri tu.

Mwakio aliitwa kwa chifu akaamriwa kuujenga ukuta upya, kama ulivyo kwenye ramani, kwa mikono yake. Aliujenga. Nikatumwa tena nikathibitishe. Niliweka pima maji juu yake na ukuta ulikuwa umenyooka kuliko ule wa kontrakta. Mwakio alisimama kando akipangusa mikono.

"Iko sawa na ramani?" akaniuliza.

"Iko sawa," nikamjibu, nikatia sahihi.

Wakati huo Mzee Athmani alikuwa amestaafu, anaishi hapa hapa Voi, na nilikuwa na mazoea ya kumpitia tunywe kahawa. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nasikia watu wa kwenu wamekuvunjia ukuta."

"Ni ukorofi tu, mzee."

Aliweka kikombe chini. "Maswali yako matatu uliyauliza?"

"Niliyauliza."

Akanimiminia kahawa. "Haya. Ikiwa uliyauliza, basi." Hakulirudia jambo lile tena, wala mimi. Alifariki mwaka ule ule. Tulilibeba jeneza lake mabegani kwa kupokezana, Waislamu na sisi wengine tuliofanya naye kazi, na lilipopita kwenye lango la makaburi bila kugusa popote, niliona kwamba aliyelijenga lango lile alijua urefu wa anachokipitisha. Nililia, watu wakadhani ni msiba peke yake.

Ukuta uliondoka miaka michache baadaye, tulipoongeza chumba. Niliuondoa kwa mstari mmoja kwenye ramani mpya na kuuita marekebisho, kisha nikaweka njia pana iliyonyooka mpaka mlangoni. Watu wa Wusi walinishukuru kwa hilo. Nilipewa jogoo. Jogoo yule nilimla, na hiyo ni aibu nyingine ndogo juu ya ile kubwa.

Ningekufa nayo kimya kama msingeitundika ile fremu. Jumamosi iliyofuata sherehe yenu nilipanda Wusi. Mwakio sasa ana mvi kichwa kizima na anatembea kwa fimbo. Alikuwa amekaa nje, na Mkawasi alikuwa kwenye mkeka akipukuchua maharagwe. Tulisalimiana kwa Kidawida, nikapewa kiti, nikakataa chai kwa sababu nilijua nikiinywa sitasema.

"Kaka Mwakio, nimekuja kwa ajili ya ule ukuta."

"Ukuta gani? Si ulitolewa kitambo."

"Ule uliolazimishwa kujenga. Niliandika kwamba ni uharibifu. Haukuwa uharibifu. Kosa lilikuwa kwenye ramani, na ramani ni yangu, na nililijua siku ile ile nikiandika."

Mwakio aligeuza fimbo yake mkononi. "Nilijua unajua," akasema. "Ulipima ukuta na ile kitu ya maji na hukuniangalia macho hata mara moja. Hiyo niliweka kando. Kitu imenisumbua miaka hii yote ni moja tu. Wewe ulishika mbele na mimi, siku ya mama yako. Ulisahau aje?"

"Sikusahau. Niliona aibu." Nikamweleza habari ya basi, na kicheko changu, jambo ambalo sikuwahi kulitamka kwa mdomo.

"Wale wa basi nawakumbuka," akasema. "Mimi nilidhani ulikuwa unacheka ndio usilie."

Miaka yote ile nilidhani alinihukumu, kumbe alikuwa amenitetea. Nikamgeukia Mkawasi, nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya ukaguzi, wakati nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale nilipokaa na fomu. Nilimwuliza siku ile ilikuwaje kwake.

Aliendelea kupukuchua maharagwe. "Hakuna mtu ashawahi kuniuliza," akasema. "Watu wakiongea wanasema mvua, wanasema wanaume. Mvua haikuwa kitu. Wanaume waligeuka. Ni vile nilikuwa naona kitanda. Mlango ilikuwa wazi, shuka imetandikwa, nyeupe. Naiona na siwezi kuingia." Akatia maharagwe kwenye sufuria. "Wale wawili wengine nimezalia hapa kwa nyumba. Sista alikuja kunibembeleza, nikakataa kurudi. Huyo wa mwisho nusura aniue. Damu ilikataa kusimama."

Nikamwambia ni kosa langu na ninaomba msamaha.

"Sasa wataka niseme nini?" akaniuliza, bila hasira.

Nikamwambia hahitaji kusema kitu. Akachota maharagwe mengine. Msidhani nilishuka mlimani nimesamehewa.

Mwakio alinyoosha fimbo kuelekea ghalani, na chini ya paa niliiona machila inaning'inia, miti ile ile imekuwa myeusi kwa mikono ya watu. Bado wanaitumia kuwashusha wagonjwa wa boma za juu mpaka barabarani. "Si kazi yako ni kupima?" akasema. "Pima."

Tepu ilikuwa mfukoni, maana mwili haujajua kwamba umestaafu. Niliishusha machila, nikashika mwisho mmoja na kutafuta mahali pa kuinasisha tepu. Mkawasi akainuka, akaja akashika mwisho wa pili. Ndiye aliyesoma. "Tatu, sitini," akasema. Nikamwomba arudie, akarudia. Kona yangu ilikuwa na mita moja na sentimita ishirini.

Kwa hiyo nina ombi moja. Ile fremu msiishushe. Ifungueni kioo, na pale chini kulia kwenye lile gari langu, mwandike kwa wino: Machila, mita 3.60. Haikupimwa. Mgeni akiuliza maana yake, mwelezeni yote, na jina langu msilifiche.

Wiki iliyofuata nilirudi Wusi na lile blanketi mlilonipa. Nilikuwa nimeona la machila limechakaa, nikajiona nimefikiria jambo jema. Mkawasi alilipokea kwa mikono miwili, akalikunjua, akalipima uzito.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hii ikinyeshewa itakuwa mzigo. Wanaobeba watachoka kabla hawajafika kwa mto hapo chini."

Nilikuwa nimefanya vile vile tena, katika umri huu. Nikakaa kwenye mkeka, nikatoa lile daftari la zamani, nikafungua ukurasa mtupu wa Wusi, nikamwuliza blanketi la machila linapaswa kuwa la namna gani. Alinitazama kuona kama nauliza kweli. Kisha akasogeza sufuria ya maharagwe kando na kuanza kunieleza.